Injini Kimya Kwenye Uwanda wa Chumvi

Gurudumu la nyuma la kushoto lilizama ghafla, gari likalala upande, injini ikakohoa mara moja ikazima. Pipa la maji lililokuwa limefungwa nyuma lilikata kamba, likabiringika, likajigonga kwenye kona ya bodi. Fundi alilisikia linapasuka kabla hata hajajua kama yeye mwenyewe ni mzima. Akasukuma mlango kwa bega akaruka nje, vumbi jeupe likamjaa macho. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya chumvi, na chumvi inayafyonza hapo hapo, bila hata haya.

"Kidumu! Lete kidumu!"

Shemeji yake alikuwa bado kang'ang'ania usukani, mdomo wazi. Mpaka alipozinduka, akatafuta kidumu chini ya kiti, akakileta mbio, pipa lilikuwa limebaki na mate tu. Walikinga walichoweza. Fundi akakinyanyua kidumu, akakitikisa karibu na sikio. Lita tano, pengine na vikombe viwili juu yake.

"Umeona sasa?" akasema. "Nilikwambia usiache njia."

"Vumbi lilikuwa limefunika njia. Ningeifuata kwa pua?"

"Ungesimama lipite."

"Nikisimama likizima, litawaka na nini? Na starta yako?"

Ehee! Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wenyewe, na afadhali ueleweke mapema, maana hawa wawili wasingepanda gari moja kwa kupendana.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mwenye gereji yake ya umeme wa magari, mlango mmoja, benchi moja, na jina zuri. Dereva alikuwa mume wa dada yake. Tangu msiba wa baba, walipotukanana mbele ya waombolezaji kwa sababu ya kaburi lichimbwe upande gani, walikuwa hawasemeshani. Wiki tatu nyuma dada mtu ndiye aliyelileta pikapu la dizeli gereji, gari kuukuu kuliko ndoa yake, libadilishwe starta. Dada mtu ndiye aliyekuja kulichukua. Lakini tangu siku hiyo gari likawa linawaka kwa kubembelezwa. Ukigeuza ufunguo injini inajizungusha polepole, ng'oo, ng'oo, kama mtu anayeamshwa asubuhi ya baridi. Taa za ndani zinapepesa, mshale wa joto unaruka ukiwasha taa kubwa. Dereva akazoea kuliegesha kwenye mwinuko ili aliachie lishuke na kulidaka kwa gia, watu wakambandika jina: Mzee wa Mteremko. Naye kila alipochekwa alijibu, "Muulizeni shemeji yangu, fundi wa kubahatisha. Kanifungia starta ya kuokota."

Maneno hayo yakamfikia Fundi mbele ya wateja wanne. Akavua ovaroli, akaenda mpaka stendi, akamkuta, akamwambia mbele ya kadamnasi: "Starta ni nzima. Safari yako ijayo napanda, kwenda na kurudi. Likigoma, nafunga gereji."

Basi ndiyo hiyo safari yenyewe. Walikuwa wanapeleka unga na vitunguu kwenye jiko la kiwanda cha chumvi, ambako dada mtu alikuwa mpishi. Na sasa walikuwa katikati ya uwanda mweupe, bapa kama meza, kilomita kama arobaini kutoka kiwandani, bila mwinuko hata wa kumwegesha mbuzi.

Dereva akarudi ndani akageuza ufunguo. Injini ikanguruma kwa uchovu, ng'oo, ng'oo, ikakwama. Akageuza tena. Na tena.

"Acha! Unaimaliza betri!"

"Betri yangu."

"Na uhai wangu! Acha, nasema!"

Hakuacha. Mara ya tisa hata ng'oo haikusikika. Ikabaki tiki moja kavu chini ya boneti. Akapiga usukani kwa ngumi. Kisha, kwa hasira zile zile, akashuka, akatoa jeki, akaipachika chini ya ekseli bila ubao, juu ya ule utandu wa chumvi ambao chini yake ni tope. Fundi akamwambia weka ubao. Akamjibu kwamba yeye alishika jeki kabla Fundi hajaota meno. Akapandisha gari shibiri moja, akaingiza mguu chini asogeze tope kwa kisigino, na jeki ikateleza.

Ukelele wake ulimfanya Fundi asahau kama anamchukia. Alichimba kwa mikono, kucha zikang'oka, mpaka mguu ukatoka. Ulikuwa umepinda juu ya kifundo mahali ambapo mguu haupindi. Alirarua gunia la unga, akaufunga na vipande viwili vya fito, na Dereva akamng'ata mkono wa ovaroli asipige kelele. Jua lilipozama walikuwa wameegemea gari, kila mtu upande wake, na wamekunywa kikombe kimoja kimoja.

Asubuhi vumbi lilikuwa limetulia. Uwanda ulionekana wote, mweupe mpaka macho yanauma, na mbali kabisa vilima viwili vyeusi. Dereva alivitazama muda mrefu.

"Kiwanda kiko nyuma ya vile," akasema. "Ukiviweka mkono wa kushoto unafika. Chukua maji uende."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa na starta yako."

Hata na mguu uliovunjika mtu huyu alikuwa na ulimi! Fundi akahesabu kichwani: kilomita arobaini kwa miguu, jua hili, lita tano. Angefika akiwa maiti, au asifike. Na akifika, wa kumrudia huyu wangemkuta amekauka. Akafungua boneti.

"Njoo kwenye usukani," akamwambia. "Buruta makalio hivyo hivyo. Fanya ninachokwambia, usifanye kingine."

Alimsaidia kupanda. Lilikuwa jambo baya kwa wote wawili, kushikana viuno namna ile.

"Washa taa kubwa. Sasa gusa ufunguo, mara moja tu."

Tiki. Fundi alikuwa amesimama mbele, anatazama taa. Hazikufifia hata kidogo. Alikunja uso. Betri iliyokufa inafifisha taa pale starta inapoomba umeme. Hizi zilibaki vile vile. Basi umeme kidogo bado umo kwenye betri, ila hauendi unakotakiwa. Kuna mahali umezibwa njia.

"Zima taa. Starta haijafa, shemeji. Kuna mahali umeme unanyimwa njia."

"Aliyefunga nyaya ni nani?"

Fundi akafungua vichwa vya betri, akavikwangua kwa kisu mpaka vikang'aa, akavifunga. Tiki. Akavuta waya mnene unaotoka betri kwenda starta. Umekaza. Akabaki na njia aliyofundishwa na fundi wake wa kwanza, isiyohitaji mita wala kitu: umeme ukibanwa unatoa joto, basi mwenzako apige ufunguo, wewe pitisha mgongo wa mkono kwenye nyaya zote, palipo na moto ndipo penye ugonjwa.

"Gusa na ushikilie. Nikisema acha, uache."

Tiki. Waya wa betri baridi. Kichwa cha starta baridi. Akainama kufikia nyuma ya injini, akaegemeza kiganja kwenye kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali na kuvuta injini iongeze kasi.

"Yalaaa! Acha!"

Kiganja kilikuwa kimeungua mstari mmoja mwekundu, toka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kebo ilikuwa inatoa moshi. Fundi akasahau maumivu. Kebo ya mafuta haina kazi yoyote na umeme! Ikiwaka moto maana yake umeme wa starta, uliotakiwa kurudi betri kupitia chesisi, fremu ya gari, umekosa njia yake, ukaamua kupita kwenye kakebo kembamba. Injini haikuwa imeungana na chesisi. Ethi, ule waya unaounganisha injini na chesisi, imekatika.

Akalala kwenye chumvi, akaingiza kichwa chini ya injini.

Akauona. Waya mwembamba, wa taa, si wa starta, umeungua katikati ukawa vipande viwili. Ncha yake moja ilikuwa imezungushwa utepe mwekundu, mizunguko mitatu, mwisho umekunjwa pembe. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa anafunga hivyo. Alikuwa amefunga yeye.

Alikumbuka yote kwa mara moja. Siku ile alipotoa starta mbovu aliukuta waya wa ethi umeliwa na kutu, akaukata, dukani hakuna mnene wa kufanana nao, akafunga huu mwembamba usogeze siku mbili tatu. Alikuwa amwambie mwenye gari asitoke mjini. Lakini mwenye gari hakuja, na yeye akajisemea kwa kiburi, "Akija mwenyewe na mdomo wake nitamwambia." Dada mtu akaja kuchukua funguo, wakaongea habari za mama, gari likaondoka. Yakaja magari mengine. Akasahau. Wiki tatu amebeba matusi ya yule mwanamume na kumrudishia, na muda wote kosa lilikuwa limefungwa utepe wake mwenyewe.

"Umeona nini huko?" Dereva akauliza kutoka juu.

Boliti la chesisi lilipokuwa limefungwa ule waya lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, nene, mpya. Dereva alikuwa amepaka gari lote chini mpaka juu kwa mkono wake, lipendeze. Rangi juu ya ethi nayo ni dhambi, kweli. Ila ndogo.

Fundi akachomoa vile vipande vya waya, akavisukumia kwenye tope, akavikandamiza kwa kiwiko mpaka vikapotea.

"Rangi," akasema. "Umepaka rangi kwenye ethi. Umeme hauvuki rangi."

Ikaja sauti ndogo: "Rangi yangu?"

"Yako."

Alitegemea atabisha, atatukana. Hakubisha. Na hilo lilimchoma Fundi kuliko ile kebo.

Alikuwa na nyaya za kubusti chini ya kiti, zile nene za kuazima umeme kwa gari jingine. Akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ndoano ya injini, chuma kitupu. Injini ikajizungusha kwa nguvu ambayo haikuwa nayo wiki tatu, mara mbili, halafu ikaishiwa. Njia ilikuwa imepatikana, lakini betri ilikuwa imekaushwa jana yake kwa ubishi.

"Mara nyingine moja tu imebaki humo," akasema. "Tusiiguse mpaka tuwe tayari. Kwanza gari litoke shimoni, maana likiwaka halizimwi tena."

Alichimba siku nzima, kwa sufuria na kwa mikono. Walitafuna vitunguu vibichi kwa ajili ya ule utomvu, midomo ikawapasuka, machozi hayakutoka. Waligawana maji kikombe kwa kikombe. Mchana Dereva akaanza kutetemeka katikati ya joto lile, mguu umevimba mpaka gunia limekaza.

"Shemeji," akasema.

"Nyamaza. Unamaliza mate."

"Nimekutangaza vibaya mji mzima. Kumbe mimi ndiye mwenye kosa. Nisamehe. Nikifia hapa umwambie dada yako nilikuomba msamaha."

Fundi aliendelea kuchimba. Alijiambia mgonjwa haongezewi hasira, alijiambia kwanza waokoke. Uongo mtupu! Aliogopa, basi. Aliogopa gereji yake, jina lake, na lile domo la shemeji likifunguka tena. Akamjibu, "Hutakufa. Tafuna kitunguu."

Siku ya tatu, jua lilipofika utosini na chuma cha injini kikawa hakishikiki, akasema sasa. Dizeli ikipata joto hivyo haihitaji kupashwa. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa hewani, jeki imekaa juu ya mbao mbili safari hii. Magurudumu ya mbele aliyaziba kwa magunia ya unga, mawili kila upande. Breki ya mkono ilibidi iachiwe, la sivyo gurudumu lisingezunguka. Akalizungushia tairi kamba ya pipa mara tano, bila kufunga fundo.

"Gia ya nne," akasema. "Usikanyage klachi. Mimi nikivuta, wewe geuza ufunguo hapo hapo. Likishika tu, kanyaga klachi kwa mguu wako mzima, haraka. Ukichelewa gari linaruka kwenye jeki, na mimi niko mbele yake."

"Mguu wangu mzima ni wa kulia. Klachi ni kushoto."

"Basi kaa kiupande, uuvushe. Shemeji, nakukabidhi roho yangu hapo."

Dereva akamtazama kwa macho mekundu. "Vuta."

Akaweka kamba begani, akainama, akakimbia. Tairi likajigeuza, starta ikalia, injini ikasema dug, dug, ikanyamaza. Akaanguka kifudifudi kwenye chumvi, mdomo ukajaa uchungu.

Betri haikuwa na kitu tena, ila kiasi cha kufungua njia ya mafuta. Akazungusha kamba upya. Kile kiganja kilichoungua kilikuwa kimetoka ngozi. Mara ya pili, hola. Akakaa chini. Akalia kwa sauti, bila machozi, anamtukana shemeji yake, anaitukana rangi, na rohoni anajitukana mwenyewe. Dereva alimtupia kidumu. Kilikuwa na mafunda mawili ya mwisho.

"Kunywa yote," akasema. "Mimi nimekaa tu."

Alikunywa. Akasimama, akavuta kwa uzito wake wote, akapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Tairi likazunguka mara tatu, dug, dug, dug, halafu mngurumo, moshi mweusi, kamba ikachomoka begani ikamchapa sikio. Gari likayumba juu ya jeki. Magunia ya mbele yakapasuka, unga ukapaa. Sekunde moja Fundi aliona bampa linamjia.

Halafu tairi likalegea. Dereva alikuwa amekanyaga klachi kwa mguu uliovunjika, maana ule mzima haukuwahi. Alipiga yowe lililoshinda injini, lakini hakuuachia mpaka alipotoa gia.

Fundi akashusha jeki, wakaondoka na vilima vikiwa kushoto, yeye kwenye usukani, Dereva ameegemea mlango anazimia na kuzinduka. Hawakusimama hata pale boneti lilipofunguka nusu. Saa tisa alasiri, chungu za chumvi zikaonekana, meno meupe mstari mmoja, kisha geti, kisha mlinzi anakimbia na ndoo.

Wafanyakazi wakawazunguka. Dada mtu akatoka jikoni na aproni, akapiga kelele, akamshika mumewe, akamshika mdogo wake, hajui aanze na nani. Walimlaza Dereva kivulini, wakamlowesha midomo. Injini bado ilikuwa inanguruma, hakuna aliyethubutu kuizima.

"Gari limewafanya nini?" dada mtu akauliza.

Dereva akajiinua kwa viwiko. "Sikilizeni nyote," akasema, sauti imekwaruza. "Mimi ndiye niliyetaka kutuua. Nilipaka rangi mahali si pake. Huyu nilimwita fundi wa kubahatisha, mnakumbuka. Kaniokoa. Hakuna fundi kama huyu, na atakayesema vingine anitafute mimi."

Watu wakamgeukia Fundi. Mmoja akapiga makofi. Ule waya ulikuwa umezikwa kilomita arobaini nyuma, na hakuna mtu duniani ambaye angeuona tena. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Si rangi," akasema.

"Eti?"

"Rangi ni kidogo. Mimi nilikufungia ethi ya waya wa taa, ya kusogeza siku mbili. Nikasahau. Ndiyo iliyoungua. Dada, siku ile ulipokuja kuchukua gari nilitakiwa nikwambie, sikukwambia, kwa sababu sikutaka kumpelekea huyu salamu hata ya uhai."

Makofi yakakoma. Dada mtu akamtazama kama hamjui. Dereva akajiinua tena kwa viwiko.

"Umejua lini?"

"Jana. Nilipoungua mkono."

"Kabla sijakuomba msamaha."

"Kabla."

"Nikakuomba msamaha, ukaniambia nitafune kitunguu."

"Ndiyo."

Alimtazama muda mrefu kiasi kwamba mlinzi akaanza kusogea, akidhani kuna mtu atapigwa. Halafu Dereva akageuza kichwa kwa mkewe.

"Zima gari," akamwambia. "Waambie hao wa karakana watoe waya mnene, na kipande cha msasa." Akamrudia Fundi, macho makavu, hakuna hata chembe ya tabasamu. "Utakwangua rangi mpaka chuma. Utafunga mbele yangu, mimi nikiangalia, hata kama naungwa mguu. Halafu keshokutwa unanirudisha mjini na gari hili hili, na njiani utanieleza kila waya uliomo humo, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shemeji."

Dada mtu akaenda kuzima injini. Fundi akapokea spana kwa mkono wake mzima, akaingia chini ya gari.